Lile jiwe sio chokaa

Kwako Zuhura,

Mambo? Mi mzima, ila nina aibu kidogo. Unakumbuka yale mawe mawili meupe tuliyogawana, nikakwambia chokaa tu hiyo hata ukitupa sawa? Nilichemka bana. Niliweka tone la asidi likatoa povu, nikafunga mjadala hapohapo. Juzi nikalishika tena na lenzi, naona vipunje vyeusi vimetapakaa humo, nikasogeza kile kisumaku nilichong'oa kwenye spika mbovu, aisee kikanasa! Chokaa ya baharini haina mambo hayo, na hamna hata kipande cha konokono ndani.

Mi naona ni kabonatiti. Yaani kaboneti zaidi ya nusu kama chokaa, ila imetoka chini huko ikiwa uji wa moto. Najua utabisha, hata wataalamu walibishana weee mpaka miaka ya 1960 ndo ikathibitika volkano ya Ol Doinyo Lengai kule Tanzania inamwaga lava ya namna hiyo, nyeusi, nyepesi, haifiki hata nyuzi 600, halafu ikikutana na unyevu inageuka nyeupe.

Sasa yale madini adimu uliyoniuliza (rare earths), ni elementi 17 na hilo jina linadanganya, seriamu, moja ya hizo, peke yake kwenye ganda la dunia inakaribiana na shaba. Shida yametawanyika. Atomi zake kubwa, madini ya kawaida yakiganda hayazipi nafasi, zinabaki kwenye uji tu, na uji wa kabonatiti ndo unazikusanya mpaka zinapata pa kukaa, ndani ya madini kama bastinesaiti au monazaiti. Ndo maana migodi ya Bayan Obo ya China, Mount Weld ya Australia na Mountain Pass ya Marekani yote inahusishwa na kabonatiti, na hiyo ya Marekani waliipata 1949 wakitafuta zao urani!

Kuyachimba sio kazi sana, kazi kuyatenganisha, yanafanana kama mapacha, unayapitisha kwenye vimiminika hatua mamia, na thoriamu yenye mionzi nayo inakusubiri pembeni. Kisumaku changu chenyewe ni cha neodimiamu, mmoja wa hao 17, kwa hiyo huenda siku ile kilikuwa kinasalimiana na ukoo wake hahaha.

Ila usianze kuota utajiri, kabonatiti nyingi hazina cha kuchimba. Kama hujalitupa lako lilowanishe maji kwanza, vile vyeusi vinaonekana vizuri zaidi, halafu nitumie picha.

Wako,
Mwana