Msiifungulie kompyuta pepe diski nzima

Ndugu Mhariri,

Nafundisha kompyuta hapa Ngamiani, Tanga. Vijana wetu hujifunza mfumo wa Linux ndani ya VirtualBox, programu inayounda kompyuta pepe (kompyuta ya kuigiza) juu ya Windows, na ni jambo jema kwa vituo vyenye mashine chache. Kinachonisumbua ni namna wanavyofundishwa kuhamisha mafaili: wanaambiwa waifungulie kompyuta pepe diski C yote. Hapana! Programu mbaya ikiingia humo itayafikia mafaili ya kompyuta mwenyeji, yaani ile halisi yenye Windows, na kuyafuta, picha za harusi na hesabu za duka zikiwemo.

Tengeneza folda moja tu, uiongeze kwenye mipangilio ya Shared Folders (folda za pamoja) ya VirtualBox. Kama kazi ni kusoma peke yake, weka alama ya Read-only. Ndani ya Linux sakinisha kwanza Guest Additions, programu-saidizi za VirtualBox. Folda ikikataa kufunguka, mara nyingi mtumiaji hajaingizwa kwenye kundi la vboxsf, lenye ruhusa ya kufungua folda hizo. Amri ni sudo usermod -aG vboxsf ikifuatwa na jina lake, kisha atoke na kuingia upya. Wengi hukata tamaa hapo na kurudia flashi zenye virusi.

Walimu wenzangu wa Muheza na Pangani, nawaomba somo hili tulifundishe kabla ya mengine.

Mwalimu wa kompyuta,
Ngamiani, Tanga