Maji ya migodi haikufa, iko na wenye kuishi ndani

Bwana Mhariri,

Nimesoma makala yenu juu ya ile maji nyekundu inayotoka chini ya malundo ya mawe ya migodi, na nawashukuru maana magazeti mengi hayagusi mambo hayo, lakini kuna sehemu moja siwezi kuiacha ipite. Mumeandika kama ile maji imekufa, hakuna kitu kinaweza kuishi ndani yake, na siku kampuni itafunga mgodi basi mambo yataisha. Mi ni mwalimu wa biolojia huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, na nasema hapana, ile maji iko hai, na njo sababu kufunga mgodi peke yake hakumalizi kitu.

Shaba na zinki ya chini sana mara nyingi imeshikana na salfa, na pembeni yake unakuta piriti, lile jiwe la chuma na salfa linalong'aa rangi ya dhahabu. Likikaa chini bila hewa halina neno na mtu. Ukilitoa, ukalisaga, ukalimwaga inje mvua ya Desemba ikalipiga, linaanza kutoa asidi ya salfa. Lakini likiachwa lenyewe linakwenda polepole sana. Wanaolisukuma ni bakteria, na wa kwanza kujulikana anaitwa Acidithiobacillus ferrooxidans, wanasayansi Colmer na Hinkle walimwandika mwaka 1947 baada ya kumkuta ndani ya maji ya migodi ya makaa ya mawe kule Marekani. Huyu anapata nguvu zake kwa chuma kilichoyeyuka, kaboni anaivuta kwa hewa, jua hana haja nalo. Chuma akishakigeuza, kile chuma kinarudi kula piriti tena, asidi inaongezeka, chuma kingine kinatoka, naye anapata chakula kingine, na mzunguko unaendelea hivyo hivyo. Mwaka 1970 wanasayansi wengine, Singer na Stumm, walionyesha kwamba bakteria wanaweza kuharakisha hiyo kazi ya kugeuza chuma mara 1,000,000 hivi.

Na wanaishi namna gani pale? Inje ya mwili wao pH (kipimo cha asidi: maji safi ni 7, na kadiri namba inavyoshuka asidi inazidi) iko 2, pengine chini ya hapo, lakini ndani ya seli wanaishikilia karibu na 6 au 7, ngozi yao inazuia asidi isiingie na ile inayopenya wanaipiga pampu itoke. Ukiinama pale maji ya namna hiyo inapotokea utaona tope la rangi ya chungwa limevika mawe yote, hiyo ni chuma kimeganda, na mahali pengine juu ya maji kuna utando laini, ukiushika unateleza kwa vidole, njo wenyewe hao wamekaa pamoja kwa mamilioni (munawe mikono kisha). Mto Tinto wa Uispania una kilomita karibu 100 za maji ya namna hiyo na ndani yake munaishi hata miani na kuvu. Kule Iron Mountain, California, walisimamisha kuchimba mwaka 1963, na miaka mingi baadaye wakapima ndani ya yale mashimo maji yenye pH ya -3.6, ndiyo, chini ya sufuri. Mgodi ulikuwa umefungwa zamani, bakteria hawakufunga.

Sasa huku kwetu. Tuko na bahati moja, mawe mengi ya Katanga ni dolomiti, jiwe la namna ya chokaa, na dolomiti inakula asidi, kwa hiyo si kila maji nyekundu ya Lubumbashi ni asidi, udongo wetu wenyewe ni mwekundu. Lakini asidi ikishaisha, kobalti, zinki na manganizi vinaweza kubaki vimeyeyuka ndani ya maji inayoonekana safi kabisa. Tena zamani tulichimba sana malakiti ya juu, ile shaba ya kijani isiyo na salfa, na leo kadiri tunavyoshuka chini njo tunakutana na mawe yenye salfa. Mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, uliosimama mwaka 1993 na kuanza tena 2024, ni madini ya salfa. Watu wanazungumzia sana lile bwawa la takataka za mgodi zenye asidi lililopasuka Chambishi, Zambia, Februari 2025, na wako na haki, lakini ile asidi ilimwagika siku moja. Hii mi naisema inatengenezwa kila siku, bila kelele, ndani ya lundo.

Kitu kingine wamama wa bustani za lengalenga (mchicha) waambiwe wazi: kuchemsha hakusaidii hapa. Wale bakteria hawatuletei ugonjwa, watakufa kwenye sufuria, lakini asidi na metali vinabaki, tena maji ikipungua vinazidi kukolea.

Dawa zinajulikana: kufunika lundo hewa na maji visiingie, kuweka chokaa, na kwa maji kidogo kuipitisha kwenye bwawa la matope na samadi ambamo bakteria wengine, wasiopenda hewa, wanageuza salfa na kugandisha metali chini. Lakini zote zinataka pesa ya miaka mingi, na sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inaomba kampuni iweke dhamana, ni kusema pesa ya kurekebisha mazingira. Kwa hiyo Bwana Mhariri, naomba gazeti lenu liende kuuliza kwa kila mgodi unaozunguka mji: dhamana ni ngapi, imewekwa wapi, na imehesabiwa kwa miaka mingapi baada ya kufunga? Na pH ya maji inayotoka chini ya malundo, iliyopimwa masika na kiangazi, muichapishe, namba kwa namba.

Mwalimu wa biolojia,
Katuba, Lubumbashi