Salamu za Idd kwa Wana Malindi na Timu za Mitaa Yetu

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Idd Mubarak kwenu nyote: wa Shela, Barani, Maweni, Muyeye na Kisumu Ndogo, na wana Malindi mlio Mombasa, Nairobi na ng'ambo. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu, na wenzetu waliotutoka kabla ya mwezi kuandama awarehemu. Majirani zetu Wakristo, karibuni. Pilau ni yetu sote, kama miaka yote.

Fitri imetolewa, swala imeswaliwa, watoto wanapita nyumba kwa nyumba na hina mikononi wakidai mkono wa Idd. Ikifika alasiri kanzu zitavuliwa, jezi zivaliwe, na mtaa mzima uelekee uwanjani. Mpira wa Idd kwetu ni sehemu ya kutembeleana. Wajomba na mabinamu ambao mwaka mzima hamjaonana, mnakutana pembeni mwa uwanja.

Jezi nyingi za vijana wetu zina mzinga kifuani, mzinga wa Arsenal, klabu ya London. Nafurahi kuwaona wamependeza, ila natamani wajue mzinga ule umetoka wapi. Mwaka 1886 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kusini-mashariki mwa London, walichangishana peni sita sita ili wawe na mpira wao. Timu waliiita Dial Square, jina la karakana waliyofanyia kazi, na muda si muda ikawa Royal Arsenal, jina la kiwanda chenyewe, kisha Woolwich Arsenal. Mwaka 1913 klabu ilivuka mto Thames ikahamia Highbury, kaskazini mwa jiji, na jina la Woolwich likaachwa. Mzinga ukabaki. Ndiyo maana hadi leo watangazaji wetu wanawaita Washika Bunduki. Tajiri hakuwa na mkono katika jina lile; ni vibarua waliojiita kwa kazi yao na mahali pao, wakatoa mfukoni, kama vijana wetu wanavyochangishana kununua mpira na kukodi gari la kwenda kucheza ugenini.

Huku kwetu majina yana visa vyake. Gor Mahia ilizaliwa 1968, Luo Union na Luo Stars zilipoungana, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Kijaluo. Mashabiki wakiita K'Ogalo wanamtaja kwa ukoo wake. Kule Dar es Salaam, Simba ilikuwa Sunderland mpaka 1971. Jina la Kiingereza likaondoka, lakini watu hawakuacha kuwaita Wekundu wa Msimbazi, kwa mtaa wao, na Yanga ni watoto wa Jangwani. Mombasa nako, timu ya Mwenge iliwahi kuitwa Liverpool.

Lililo karibu zaidi na moyo wangu ni la Unguja. Wako ndugu zetu wenye klabu iitwayo Malindi, jina la mtaa wao wa Mji Mkongwe, pale karibu na bandari na soko la samaki. Klabu hiyo imeiwakilisha Zanzibar katika mashindano ya Afrika kwa jina la mtaa. Kila nikisikia redioni "Malindi wanashambulia" hushtuka kidogo, kisha nafurahi. Wao na sisi tuko pwani moja, watu wa ngalawa na samaki, na jina moja limetutosha sote.

Kwa hiyo wazee wetu, mama zetu, na nyinyi kaka mliochezea timu za mitaa hii enzi za kucheza pekupeku, nina ombi la Idd. Mtakapoketi pembeni mwa uwanja Idd Pili, msiangalie mpira tu. Waiteni vijana, muwaambie timu yao ilipata wapi jina lake: nani alilitoa, baraza gani walikuwa wameketi, jezi za kwanza zilishonwa na nani na kwa kitambaa gani. Mambo haya hayakuandikwa popote. Yako vifuani mwenu, na kila Ramadhani tunazika baadhi ya waliokuwa wakiyajua.

Na nyinyi vijana mnaotaka kuanzisha timu mpya mwaka huu, Chelsea ndogo tunazo za kutosha. Tazameni mlipozaliwa. Kuna visima, mibuyu, misikiti, bandari, fukwe, na majina ya mitaa ambayo hayajawahi kuandikwa kwenye jezi hata moja. Chagueni humo, nami nitakuwa wa kwanza kuleta mchango wangu.

Salamu kwa jamaa wa Mambrui, Gede, Watamu na Lamu. Mkija Idd Pili, njooni mapema baada ya alasiri, na mje na watoto.

Taqabbala-llahu minna waminkum.