Kumwongezea Mtoto Maziwa Bila Kukausha Titi

Ujumbe tunaoupokea kuliko mwingine wowote huingia usiku, kati ya saa tano na saa tisa: "Sista, maziwa yangu hayatoshi." Mara nyingi unafuatana na picha ya kopo la maziwa lililonunuliwa jioni hiyo Kondele, na swali: "Nimpe vijiko vingapi?"

Sisi ni wakunga wawili tunaowatembelea kina mama nyumbani hapa Kisumu, kuanzia Nyalenda na Manyatta hadi Mamboleo, na siku nyingine tunafika Ahero. Hatuuzi kopo wala chupa, na mama aliyekwisha kununua hatumgombezi. Wapo watoto ambao kweli wanahitaji kuongezewa. Shida ni kwamba mama anaambiwa "ongeza" bila kuonyeshwa aongeze vipi, na baada ya wiki tatu anatupigia akisema titi limekauka.

Kabla ya kuongeza chochote, tuhakikishe kwanza kwamba maziwa hayatoshi kweli. Matiti kulainika baada ya wiki chache si dalili ya upungufu. Mtoto kutaka kunyonya kila mara jioni si dalili pia, watoto wengi wachanga hufanya hivyo. Hata ukikamua ukapata kidogo, usijihukumu kwa kile kikombe, maana mtoto anayenyonya vizuri hutoa maziwa mengi kuliko pampu. Tunachoamini ni nepi na mizani. Kuanzia siku ya 5, mtoto alowanishe nepi 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo uwe mweupe, na apate choo cha manjano mara 3 au zaidi. Uzito hushuka kidogo siku za mwanzo, hilo ni la kawaida, lakini ukishuka kwa zaidi ya asilimia 10, au siku ya 14 ikafika mtoto hajarudia uzito wa kuzaliwa, lazima aonwe. Baadaye tunatarajia gramu 20 hadi 30 kwa siku. Ndiyo maana kitu cha kwanza tunachoomba tukiingia nyumbani ni kile kijitabu cha mama na mtoto cha kliniki.

Siku ya kwanza na ya pili ndizo zinazowatisha watu bure. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, hutoka kidogo mno, kama kijiko kimoja cha chai kwa kunyonya mara moja, na kwa mtoto wa siku moja kiasi hicho kinamfaa. Maziwa mengi huingia kuanzia siku ya 2 hadi ya 5. Ni katika siku hizo hizo ndipo maji ya glukosi yanapoletwa na nyanya mwenye nia njema kabisa. Maji hayo hujaza tumbo bila kumlisha mtoto, naye akishiba maji hanyonyi.

Kuna mama mmoja wa Nyalenda ambaye namkumbuka kila ninapoandika habari hizi. Mtoto wake alikuwa na siku 13. Alizaliwa na kilo 3.1, na kijitabu kilionyesha kilo 2.8. Tulimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, akapimwa, hakupatikana na ugonjwa. Alikuwa na njaa tu. Tuliporudi nyumbani nilimpima na nguo zake, akanyonya dakika 40, nikampima tena na nguo zile zile. Mizani iliongezeka gramu 14. Nilikuwa nimemtazama muda wote: mashavu yalibonyea ndani, ulimi ulikuwa unapiga kelele ya "tak, tak", na sikumsikia akimeza hata mara kumi. Alikuwa ameshika chuchu peke yake. Tukamgeuza tumbo lake likaelekea tumbo la mama, pua ikawa mkabala na chuchu, tukangoja mdomo upanuke kama anayepiga miayo, ndipo akaletwa titini, kidevu mbele. Titi la pili alipata gramu 26, kwa muda mfupi zaidi. Ilikuwa nafuu kubwa, lakini haikutosha kumrudisha mtoto aliyepungua hivyo. Hapo ilibidi tuongeze.

Mtoto aliyepita wiki ya kwanza huhitaji karibu mililita 150 kwa kila kilo yake kwa siku, kwa hiyo huyu alihitaji kama mililita 420, za titi na za nyongeza zikiwa pamoja. Nyongeza ya kwanza ni maziwa ya mama mwenyewe yaliyokamuliwa. Yasipotosha, ndipo daktari anapoelekeza kopo, na kiasi chake.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Titi hufanya kazi kama mama muuza samaki wa Kibuye: leo analeta kulingana na alivyouza jana. Maziwa yakibaki ndani, titi linapunguza kuyatengeneza. Kwa hiyo kila mara mtoto anapopewa kikombe cha nje na titi halikutolewa maziwa, kesho litaleta pungufu, keshokutwa pungufu zaidi, na kikombe kitazidi kukua. Chupa ya usiku ndiyo inayogharimu zaidi, ile inayotolewa "ili mama alale". Homoni ya prolaktini, inayotengeneza maziwa, hupanda usiku. Mama apumzike, ndiyo, lakini apumzishwe mchana: wengine wapike, wafue, wachukue watoto wakubwa.

Kwa mama yule tulitumia mrija mwembamba wa plastiki, kama ule wa kumlisha mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Ncha moja inabandikwa kwa plasta kando ya chuchu, nyingine inazama kwenye kikombe cha maziwa. Mtoto akinyonya titi, anapata ya titi na ya kikombe kwa pamoja, na titi linapata kichocheo chote. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani na chupa yake ya glukosi mkononi, amenuna, na sikumlaumu, maana alikuwa ameona mjukuu akikonda. Nikamwambia, "Mama, kazi ya kikombe ni yako." Akaweka chupa chini. Nikamwonyesha: kikombe kikiinuliwa maziwa yanakimbia, kikiteremshwa yanatulia. Mtoto akianza kumeza kwa pupa, teremsha. Dakika chache baadaye alikuwa anainua na kuteremsha bila kuambiwa, macho kwenye koo la mtoto, anahesabu anavyomeza kwa sauti ya chini, kwa Kijaluo.

Mpango ulikuwa titi kwanza, pande zote mbili, mama akilibana polepole kwa kiganja mtoto anaposinzia, kisha mrija, kisha kukamua kwa mkono dakika 10. Mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Ni kazi ngumu, sitaficha. Siku ya 22 mtoto alirudi kilo 3.1. Kuanzia hapo tulipunguza nyongeza kidogo kidogo, tukipima kila baada ya siku chache, na kabla ya wiki 7 kikombe kilikuwa hakihitajiki tena. Si kila mama hufika huko. Wengine wanaendelea na titi na nyongeza, na mtoto huyo pia ananyonya na anapata faida.

Usipokuwa na mrija, tumia kikombe kidogo kisicho na kona za kuficha uchafu. Mkalishe mtoto wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni tu, arambe mwenyewe. Usimmiminie.

Kopo nalo lina masharti yake. Maji yachemke, yasikae zaidi ya dakika 30, yachanganywe na unga yakiwa bado ya moto (nyuzi 70 au zaidi), kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Kisha poza kabla ya kumpa. Kijiko kisawazishwe kama kopo linavyosema. Kuongeza maji ili kopo lidumu hadi mwisho wa mwezi kunamdhoofisha mtoto kimya kimya. Tumeliona mara nyingi, na nawasihi msilifanye, heri mtuambie tuzungumze. Kilichokaa saa 2 kimwagwe. Maziwa yaliyokamuliwa, kwa joto la Kisumu, yasizidi saa 4 nje, na kwenye friji siku 4, mradi stima haijapotea. Maziwa ya ng'ombe na uji si chakula cha mtoto wa chini ya miezi 6.

Kuhusu chakula cha mama: uji wa wimbi, omena, osuga, mrenda, vyote ni vizuri, na mama anayelishwa na kuhurumiwa ana nguvu ya kunyonyesha. Ila hakuna uji utakaoleta maziwa ikiwa titi halitolewi. Dawa za kuongeza maziwa usijinunulie dukani. Ukienda kupanga uzazi, sema unanyonyesha, kwani vidonge vyenye estrojeni vinaweza kupunguza maziwa. Na kama ulivuja damu nyingi ulipojifungua, kondo halikutoka lote, au una shida ya tezi ya shingo, tuambie mapema. Huenda sababu iko hapo na inahitaji daktari.

Mama anayetumia ARV anyonyeshe na asikose dawa zake. Azungumze na kliniki yake kabla ya kuongeza chochote. Siri yako inabaki kwetu.

Usitusubiri sisi, nenda hospitali mara moja, mtoto akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, akiwa baridi na mlegevu, akishindwa kuamka kunyonya, utosi ukibonyea, macho na mwili ukiwa wa manjano, akitapika rangi ya kijani, au nepi ikikaa kavu kwa saa nane.

Ziara yetu ya kwanza huchukua kama saa moja na nusu. Tutumie ujumbe wa WhatsApp, hata usiku, tutajibu alfajiri na kupanga saa inayoangukia wakati mtoto ananyonya, kwa sababu lazima tumwone akinyonya. Weka kijitabu karibu, na kama una kopo au chupa, usivifiche. Mama mkwe akiwepo, tafadhali mwombe asiende sokoni asubuhi hiyo. Tutamhitaji kushika kikombe.