Barua kwa Salum kuhusu mnada wa picha

Sydney, Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa Salum,

Pokea salamu zangu, pamoja na za shemeji yako na watoto, ambao bado wanaiulizia ile picha ya tembo uliyowaahidi. Katika barua yako uliniuliza kama ni haki kumwomba mchoraji, ambaye mwenyewe anahangaika na kodi ya nyumba, atoe picha yake bure ili inadiwe kwa ajili ya karo za watoto wa wengine. Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nihudhurie mnada uliofanyika hapa jana wa kuchangia masomo ya wanafunzi wa Kiaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, ambako nilijitolea kubeba picha na kuzisimamisha mbele ya wanunuzi.

Kabla ya kunadi kila picha, dalali alitaja jina la mchoraji, lugha yake na nchi ya mababu zake. Kisha akasimama msichana wa kutoka jangwani, akaeleza kwamba ili amalize sekondari imembidi aishi bwenini mbali mno na mama yake, na kwamba msaada anaopata humlipia pia nauli ya kurudi nyumbani kunapotokea msiba. Nikiri kwamba hilo la nauli ya msiba halikuwahi kunijia akilini, na ndilo lililonigusa kuliko yote.

Hata hivyo, Salum, hofu yako ina msingi. Mwaka 1972 mzee Johnny Warangkula Tjupurrula wa Papunya, katikati ya Australia, alichora picha ya maji inayosimulia habari za mababu wa mahali paitwapo Kalipinypa, nayo ikauzwa kwa dola 150 hivi. Mwaka 1997 picha hiyohiyo ilinadiwa kwa zaidi ya dola 200,000, mwaka 2000 ikapita dola 480,000, na mzee huyo, aliyefariki mwaka uliofuata, hakuwa na haki ya kisheria ya kudai hata senti moja. Sheria ya kumpa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kwa dola 1,000 au zaidi ilianza kutumika hapa mwezi Juni 2010 tu, nayo ina masharti yake. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba uchoraji huo wa Papunya ulianzia shuleni: mwaka 1971 wazee, kwa kuhimizwa na mwalimu Geoffrey Bardon, walichora ukutani mwa shule habari za sisimizi wa asali, na baadaye ukuta huo ukapakwa rangi nyingine, mchoro ukapotea.

Lakini upo mfano mwingine. Mwaka 2000 wachoraji wa Kintore na Kiwirrkura, jamii mbili za jangwa la magharibi, walichora kwa pamoja turubai kubwa, zikanadiwa mwezi Novemba hapa Sydney kwenye jumba la sanaa la New South Wales pamoja na kazi nyingine, na zikapatikana zaidi ya dola milioni moja za kuwawezesha wagonjwa wa figo kusafishiwa damu nyumbani kwao, badala ya kuhamia mji wa mbali wa Alice Springs. Fedha hizo hazikuwa za karo, lakini wachoraji walikuwa wakiwasaidia jamaa zao, kwa shida waliyoijua wao wenyewe, na hapo ndipo ninapoona jibu la swali lako.

Ukiombwa, basi, usikatae, ila wachoraji wenzako waulizwe mmoja mmoja, na anayependa kubakiza nusu ya bei abakize bila kuonewa haya. Bei ya kuanzia isishuke chini ya ile mnayouzia kibandani, kwa maana wapo wanunuzi wanaokuja kwenye minada ya hisani kutafuta rahisi, na picha ikishaondoka kwa bei ya kutupa, mteja wa kesho atakudai uiuze kwa bei hiyohiyo. Tena andikeni jina na anwani ya kila mnunuzi, ili mjue kazi zenu zimekwenda wapi.

Niandikie mapema wakikupa tarehe, nami nitakutumia nakala ya fomu ambayo wachoraji wa hapa walitia saini.

Wako akupendaye,
Yusufu