Jalala la kale lisizolewe kama kifusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Wiki iliyopita, hapa Kilwa, lori lilimwaga kifusi kwenye kiwanja cha mtu. Udongo wake ulikuwa mweusi, umejaa magamba ya tondo na chaza, vigae vya vyungu vilivyochorwa ukingoni, na pingili za mgongo wa samaki, moja pana kama sarafu. Vijana waliokuwa wakisambaza kwa sepetu walidhani ni uchafu wa pwani. Kumbe ni mabaki ya mlo wa wazee wetu.

Mgeni akivuka kwenda Kilwa Kisiwani huonyeshwa Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, yaani kasri la sultani, na Gereza, yaani ngome ya kale. Sawa, magofu yale pamoja na ya Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Lakini ukuta haukwambii waliokaa ndani walikula nini. Jalala linakwambia.

Wachimbaji wa mambo ya kale huloweka udongo wa jalala. Makaa na punje zilizoungua huelea, nao huzichuja kwa chekeche laini. Punje ya uwele haizidi kichwa cha njiti ya kiberiti, na bado imedumu miaka elfu! Ndivyo ilivyojulikana kwamba kule Pemba watu wa Tumbe walitegemea uwele, na mchele ukaja kushika nafasi baadaye, huko Chwaka, hapo hapo Pemba, tangu karibu karne ya 11. Sisi tunaoapa kwamba wali ndio chakula cha asili cha Mswahili, hilo hatukufundishwa. Hata muhogo tunaoanika makopa, hata korosho inayosomesha watoto wetu, vimetoka Amerika ya Kusini na kuletwa baada ya Wareno kufika. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipotua Kilwa mwaka 1331 hakukuta mkorosho hata mmoja. Tondo alikuwepo, na mama zetu bado wanamwokota mikokoni maji yakitoka.

Ninaiomba halmashauri yetu: udongo mweusi wenye magamba na vigae usichotwe kabla mtu wa mambo ya kale hajauona. Na watoto wa shule wanaopelekwa magofuni waonyeshwe pia punje na miiba ya samaki.

Kifusi nilichokitaja bado hakijasambazwa chote. Mtaalamu akija kabla ya masika, nitampeleka mwenyewe.

Mkazi wa Kilwa Masoko,
Lindi