Kwa Mpwa Wangu Uliyepewa Kiti cha Mhariri

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mama yako alinipigia simu Jumapili akaniambia kuwa umevunjika moyo. Uliingia katika kampuni hiyo ukitarajia kuwa mwongozaji wa filamu za makala, na badala yake ukawekwa katika chumba kisicho na dirisha, ukakabidhiwa kompyuta na rundo la diski, huku wenzako wakipakia kamera garini na kwenda zao. Anasema kiti hicho unakiona kuwa adhabu. Ninakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wamenijia na lalamiko hilohilo, na kila mara nimewajibu harakaharaka, tena vibaya.

Kiti ulichopewa ni cha mwongozaji, ila hakuna aliyekuambia. Filamu ya kubuni huandikwa kabla ya kamera kuwashwa. Filamu ya makala, kwa sehemu kubwa, huandikwa picha zikishapigwa, na anayeiandika ni yule anayekaa na saa mia mbili za watu wanaozungumza, wanaonyamaza, wanaotafuta miwani wakati wameivaa, kisha akaamua ni dakika tisini zipi mtazamaji azione na ipi itangulie ipi.

Nitakupa mfano wa Charlotte Zwerin, Mmarekani aliyezaliwa Detroit mwaka 1931. Alifanya kazi na ndugu wawili, Albert na David Maysles. Wao walikwenda na vifaa, yeye akabaki mezani. Mwishoni mwa mwaka 1969 ndugu hao walikuwa wakifuatana na kundi la muziki wa roki la Uingereza, Rolling Stones, katika ziara ya Marekani, na tarehe 6 Desemba, katika tamasha la bure huko Altamont, California, kijana mweusi aitwaye Meredith Hunter alichomwa kisu akafa karibu na jukwaa, na kamera ikalinasa tukio hilo. Picha ya namna hiyo humtia mhariri kishawishi kikubwa, kwa maana anaweza kuificha hadi mwisho na kumfanya mtazamaji aingojee damu bila kujua kwamba anaingojea. Zwerin alitoa wazo jingine: wanamuziki waletwe katika chumba cha uhariri, waonyeshwe kilichopigwa, na wao wenyewe wapigwe picha wakikitazama. Ndivyo Gimme Shelter ya mwaka 1970 ilivyojengwa. Tangu mapema tunafahamu kwamba kuna mtu amekufa, na tunamwona Mick Jagger, mwimbaji wa kundi hilo, mbele ya kioo kidogo cha mashine ya kuhariria, picha ikirudishwa nyuma ili kisu kionekane. Hatujiulizi tena nini kitatokea. Tunamtazama usoni mtu anayetazama, tukipima kama ameguswa na kwa kiasi gani. Wazo hilo halikutoka kwa waliokuwa uwanjani. Jina la Zwerin liliandikwa pamoja na ya akina Maysles miongoni mwa waongozaji, na lilistahili. Mwaka 1988 alipoongoza filamu yake kuhusu mpiga piano Thelonious Monk, sehemu kubwa ya picha zilikuwa zimepigwa na watu wengine miaka ishirini kabla, na hilo halikumpunguzia chochote.

Sam Pollard naye, baada ya miaka mingi ya kuwahariria wengine, akiwemo mwongozaji Spike Lee, aliongoza filamu ya mwaka 2020 kuhusu namna FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilivyomchunguza Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, na humo wanaozungumza tunawasikia tu. Nyuso zao hatuzioni hadi mwishoni. Mtu aliyelelewa na kamera angepata tabu kuzificha nyuso alizosafiri mbali kuzipiga.

Wala usidhani mambo haya ni ya Wamarekani peke yao. Sam Soko wa Nairobi alimfuata kwa miaka Boniface Mwangi, mpigapicha wa habari aliyegeuka mwanaharakati na kisha akagombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Filamu hiyo, Softie, ilipoonyeshwa katika tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2020, tuzo maalumu ya waamuzi iliyoipata ilikuwa ya uhariri, na Soko alikuwa mmoja wa wahariri watatu walioipokea. Kwangu mimi, filamu hiyo inasimama kwa sababu wahariri hawakuridhika na maandamano na mabomu ya machozi, ambayo ungeweza kuyaona katika taarifa ya habari yoyote. Walirudi nyumbani kwa mgombea, kwa mkewe Njeri na watoto, mahali ambapo swali la nani atangulie kati ya nchi na familia halijibiwi kwa hotuba.

Sasa nikueleze kosa langu mwenyewe, ambalo mama yako analijua nusu tu. Miaka mingi iliyopita nilihariri filamu fupi kuhusu mafundi cherehani wa Ngamiani, Tanga. Mzee mmoja, alipoulizwa kuhusu wafanyabiashara walioanza kuleta sare za shule zilizoshonwa tayari, alisema, “Hao ndio waliotumaliza.” Sauti ilikuwa safi na macho yalikuwa yanawaka. Lakini picha za sare hatukuwa nazo, na picha nzuri ya jirani yake anayeuza mitumba tulikuwa nayo, basi nikaifunika sauti ya mzee kwa picha ya jirani. Ilikaa vizuri mno, na mwongozaji akanipigia makofi. Siku ya kuionyesha mtaani, jirani aliinuka kabla haijaisha. Mzee alinifuata nje akanishika mkono, akaniambia taratibu, “Maneno ni yangu, mwanangu, ila mshono si wangu.” Ndipo nilipojua jambo ambalo lilikuwamo ndani ya picha zetu tangu mwanzo na ambalo nililipita kwa kukimbilia: nusu ya riziki ya mzee ilitoka kwa huyo jirani, aliyemletea wateja wa kupunguza suruali na kubadili zipu. Filamu ya kweli ilikuwa hiyo, mafundi wanaoishi kwa kuzikata upya nguo zilizodaiwa kuwaua, na mimi niliitupa ili nipate ugomvi.

Kwa hiyo, ukiletewa diski, zitazame zote kabla hujakata hata fremu moja, na yale yanayosemwa kwa lugha usiyoijua yatafutie mkalimani kabla ya kuyatafutia nafasi. Andika kila sentensi unayotaka kuitumia pamoja na swali lililoitangulia. Swali ndilo linalosahaulika. Mambo mengine utayajua mwenyewe: mshahara ni mdogo, mgongo utauma, na nakala za picha ziwe tatu, moja ikae nje ya jengo. Ukiona umebadilisha maana ya filamu kwa kazi yako, zungumza mapema juu ya jina lako litakavyoandikwa, kwa adabu lakini bila kung’ata maneno, kwa kuwa filamu ikishatoka hakuna atakayeirudisha.

Kwa mama yako nimeacha bahasha yenye diski. Ndani yake mna mahojiano ya yule mzee, dakika 52 bila kukatwa, na saa tatu za barazani kwake, zikiwemo za jirani akiingia na suruali begani. Nitengenezee dakika sita. Ukimaliza usinitumie mimi kwanza. Panda basi uende Ngamiani, duka lake lipo palepale, umwonyeshe yeye, na ikiwezekana jirani awepo.

Ni mimi mjomba wako.